Kicheko kimenipa barua ya onyo

Jumatatu nimepewa barua ya onyo hapa kazini, Leeds, Uingereza, kwenye nyumba ya kulea wazee. Kosa si sahani zilizoniponyoka, hizo wamenisamehe. Kosa ni kwamba bosi alipokuja kuuliza, nilicheka.

Kicheko chenyewe mnakijua. Sahani sita chini, mchuzi mpaka kwenye soksi, ukumbi mzima umegeuka kukutazama. Unaziba mdomo kwa kiganja, macho chini, kicheko kinakutokea puani. Shangazi yangu na ukali wake wote angejua hapo nimeshajuta. Bosi kaandika “sniggered”.

Nikaipeleka barua kwa bibi mmoja ninayemhudumia, mwalimu mstaafu. Akavaa miwani, akasoma, akasonya (Mzungu kusonya! Nadhani kaniiga mimi). “Snigger”, akasema, ni kicheko cha dharau, cha kumcheka mtu chini chini. Wamarekani wanasema “snicker”. “Titter” ni kifupi, cha kubana, mara nyingi cha mwenye haya au wasiwasi. “Giggle” nacho ni cha kitoto, kikishakushika hakiachii. “Wewe ulifanya titter. Waambie wabadilishe.”

Mtihani wa Kiingereza niliupasi vizuri tu, na ada yake mnaijua. Hakuna mahali waliponiuliza habari ya vicheko. Sisi tunacheka tu. Kama ni kwa haya au kwa kejeli, mwenzako anakusoma usoni.

Tena wanamwambia nani? Mimi ni mtu wa Bukoba. Mwaka 1962 shule ya wasichana ya Kashasha ilifungwa kwa ajili ya kicheko: wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa, wengine wakicheka na kulia kwa saa nyingi. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala kirusi. Na hakuna aliyesema wasichana wale walikuwa wanamdharau mwalimu.

Nyie mnaojiandaa kuja huku, masweta mtayakuta. Jizoezeni kukosea bila kucheka. Kaza uso, sema samahani mara mbili, basi. Na ukiitwa ofisini, usitazame chini kwa adabu, wataandika na hilo.

Bibi alinisaidia kuandika majibu, neno “tittered” akalipigia mstari. Ijumaa wamelibadilisha. Onyo limebaki.