Nilivyomshinda mwenye ploti kwa maharagwe yake mwenyewe

Vijana waliomaliza chuo huniandikia wakiuliza wafanyeje wapate kazi ya nishati safi katika haya mashirika ya kimataifa yaliyojaa Gigiri na Kilimani, Nairobi. Wengi huwa wameshashauriwa: soma uzamili, kusanya vyeti vya mtandaoni, hudhuria makongamano ya Westlands ugawe kadi. Hayo yote nimeyafanya, na kadi zangu nadhani ziliishia kwenye mapipa ya taka ya hoteli. Kilichonipa jina katika kazi hii ni ploti moja ya vyumba vya kupanga mtaani Kayole, mzee mmoja mbishi, na nusu kilo ya maharagwe. Nayaandika mwenyewe kwa sababu siku hizi nasikia wakubwa wangu wakiisimulia habari hii mikutanoni kana kwamba walikuwepo.

Mradi wetu ulikuwa wa kusaidia familia zinazopanga chumba kimoja au viwili kuacha makaa na kupika kwa stima. Pesa zilitoka Ulaya. Kwenye karatasi kila kitu kilikaa sawa: stima ya Kenya sehemu kubwa inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Ziwa Turkana, na serikali imejiwekea mwaka 2028 kuwa kila Mkenya awe anapika kwa nishati safi. Hati ya mradi ilizungumzia sana mafuta taa pia, ingawa tangu yawekewe ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 watu wengi walikuwa wameshayapa mgongo. Chombo tulichochagua ni ile sufuria ya presha ya stima, ya lita sita, yenye kifuniko cha kufunga kwa kuzungusha.

Tukaletewa mshauri. Mtu mzuri, sina ubaya naye, lakini alikaa hotelini akatuandikia kwamba tatizo ni uelewa: watu hawajui madhara ya moshi. Dawa yake ilikuwa warsha. Nilisema kwenye kikao kwamba mama aliyepika kwa makaa tangu ujana wake hahitaji mtu wa kumweleza moshi ni nini. Nikaambiwa niwe na mtazamo chanya.

Basi tukafanya warsha. Ukumbi wa kanisa, mabango, fulana za kijani, projekta, na slaidi zenye tani za hewa ya kaboni. Watu walijaa, maana mwaliko ulisema chakula kipo. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na dirisha, nikaanza kuwashwa macho. Nikafikiri ni vumbi. Nikachungulia nje: mpishi aliyepewa zabuni ya chakula amepanga mafiga nyuma ya ukumbi, kuni zinawaka kama za arusi, sufuria tatu kubwa za pilau zinatokota, na upepo unausukuma moshi wote ndani. Ndani, slaidi iliyokuwa ukutani wakati huo ilikuwa na picha ya mapafu. Shosho mmoja wa mstari wa mbele akajifunika pua kwa leso, akamwambia mwezeshaji kwa upole kabisa, "Mwanangu, hayo unayosema tunayaona." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Pilau, nikiri, ilikuwa tamu.

Ripoti ya warsha ilisema watu zaidi ya mia moja wamehamasishwa. Sufuria zilizonunuliwa hazikufika hata za kujaza meza moja, ingawa zililipiwa kidogo kidogo na mradi ulibeba nusu ya bei.

Hapo nikaacha kuuliza watu wanajua nini, nikaanza kusoma mageti. Nenda Kayole, Umoja au Kariobangi uone maandishi ya rangi nyekundu ukutani: KOILI NA HITA MARUFUKU. Koili ni lile jiko la stima la waya wa kuzunguka. Pale ndipo mradi ulipokuwa umekwama, na hakuna aliyeliandika hilo kwenye hati. Katika ploti nyingi stima ni ya mwenye nyumba. Mita ni moja, tokeni, yaani stima ya kulipia kabla, ananunua yeye, na kila mpangaji anatoa kiasi fulani pamoja na kodi, awe anawasha taa tu au ana friji. Mpangaji mmoja akichemsha maharagwe kwa koili, hasara ni ya mzee. Sasa wewe mhamasishe mpangaji mpaka jioni, mwenye mita hajahamasika.

Nikamwendea mmoja. Mzee wa miaka sabini hivi, vyumba kumi na viwili, anakaa nyumba ya mbele na kila jioni anatembea na tochi akisikiliza milango.

"Madam," akaniambia hata kabla sijaketi, "kama ni mambo ya kupika na stima, kunywa chai uende. Koili ilinichomea waya wa nyumba namba nne."

"Sawa, mzee. Lakini pasi unaruhusu?"

"Pasi ni lazima. Watoto wanaenda shule."

Nikamwomba alete pasi yake. Tukaigeuza, nikamsomea kibandiko: wati 1000. Nikaigeuza sufuria yangu, nikamwonyesha: wati 1000. Akavaa miwani akahakikisha. Akasema pasi ni ya dakika chache na maharagwe ni ya nusu siku. Nilikuwa namngoja hapo hapo.

Nilikuwa na kimita cha plagi nilichonunua barabara ya Luthuli kwa elfu moja na kitu. Unakichomeka ukutani, chombo unakichomeka kwake, kinakuonyesha umeme uliotumika. Kama unataka kufanya kazi hii, nunua hicho kabla ya kulipia kozi yoyote. Nikamwambia mzee tuwekeane dau: nusu kilo ya maharagwe haitamaliza yuniti moja ya stima, yaani wati 1000 kwa saa nzima. Yeye akasema yatamaliza mbili au tatu, na atakayeshindwa atanunua nyama ya Jumapili. Kisha akanifanyia ujanja. Akakataa maharagwe niliyokuja nayo, akaingia stoo, akatoka na wairimu, yale maharagwe mekundu, wa zamani waliokaa guniani hadi wakawa kama changarawe, hawajalowekwa. "Tumia hawa," akasema, na mkewe akacheka jikoni.

Tukawasha. Kwa muda nambari za kimita zikawa zinapanda mbio, mzee akizisoma kwa sauti kama mtu anayehesabu kura. Presha ilipojaa, pakasikika *tik*, na nambari zikasimama kwenye 0.3 na ushee. Hazikusonga. Mzee akangoja, akakigonga kimita kwa kidole. Akasema kimekufa. Nikamwambia hakijafa, sufuria ndiyo imejizima: ina nguo ya joto pande zote, joto haliponyoki, kwa hiyo inaivisha yenyewe na kuomba stima kidogo kidogo. Koili haiwezi hilo, inawaka mwanzo mwisho, na nusu ya joto inapasha ukuta. Baada ya muda *tik* nyingine, nambari zikasogea kidogo, zikasimama tena. Mzee akavuta kiti karibu. Nadhani hata redio aliisahau.

Wale wairimu walinitoa jasho, sitadanganya. Maharagwe mapya yangeiva chini ya saa moja, haya yalipita. Lakini nilipobonyeza kile kitufe cha kutoa mvuke, mzee akaruka hadi mlangoni, mkewe akaja mbio, na kimita kikasoma nusu yuniti na kidogo. Kwa bei ya tokeni siku ile hiyo ni shilingi kumi na kitu. Mkebe wa makaa ulikuwa karibu mia, na maharagwe kama yale yangeula karibu wote. Mzee alionja moja, akalitafuna polepole, akasema limeiva. Nyama alinunua, tena steki.

Watu wengi wangeandika ripoti hapo wakafunga. Mzee ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna mtaalamu yeyote wa mradi aliyekuwa ameliuliza: "Na wakipika wote kumi na wawili saa moja jioni?"

Piga hesabu. Sufuria kumi na mbili za wati 1000 ni kilowati 12, na kwa volti 240 hizo ni ampea 50. Nikaleta fundi mwenye leseni. Akafungua soketi ya kwanza, akatikisa kichwa. Waya wa milimita 1.5, ule wa taa, ndio uliokuwa ukilisha soketi za vyumba vyote. Koili ilikuwa inasingiziwa tu. Waya mpya, soketi za maana na kazi ya fundi vilikula elfu thelathini au arubaini hivi. Mzee alitoa sehemu, na sehemu nyingine ilikuwa pesa za fulana za awamu ya pili. Niliandika barua ndefu kwa wafadhili nikieleza kwa nini waya ni bora kuliko fulana. Walikubali haraka kuliko nilivyotarajia, kumbe nao hizo fulana walikuwa wamezichoka.

Hata na waya mpya, saa moja jioni ilibaki tatizo. Suluhisho lilitoka kwa akina mama wenyewe, kwenye chama chao cha Jumapili. Vyakula vizito, yaani githeri, maharagwe na matumbo, vinapikwa usiku baada ya taarifa ya habari, vyumba sita leo na sita kesho. Asubuhi githeri iko tayari, jioni unakaanga tu kwa gesi. Mimi nilichofanya ni kuandika zamu kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa choo, mahali ambapo kila mtu lazima apite.

Nilipoipeleka habari ya zamu kwa wafadhili, walishangilia kuliko tulivyotarajia, na sababu wanaijua watu wa stima. Kilele cha matumizi nchini ni jioni, hapo ndipo mitambo ya mafuta huitwa kazini. Usiku ukisonga watu wanalala, na visima vya Olkaria vina mvuke mwingi kuliko unaohitajika. Githeri ya saa nne usiku ni safi kuliko chai ya saa moja jioni, ingawa plagi ni ile ile. Mimi ningeliandika hivyo hivyo, lakini kwenye ripoti ikawa "usimamizi wa mahitaji upande wa mtumiaji."

Kuhusu mita, hapa ndipo washauri wengi hupotoshana. Watakwambia stima ni ghali au ni rahisi, bila kuuliza ni mita ya nani. Tangu bei za Aprili 2023, mteja wa nyumbani anayetumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi ana bei yake, wa 30 hadi 100 ana yake, na anayepita 100 analipa ya juu zaidi. Familia moja moja ya ile ploti isingefika mbali. Wakiunganishwa kumi na mbili kwenye mita moja wanapita 100 mapema sana, na kila mmoja analipa bei ya mtu mwenye hita ya bafu kule Runda kwa matajiri. Mzee aliposema stima ni ghali hakuwa anaongopa. Tulianza na mita ndogo za ndani ili kila mtu alipie chake na ugomvi uishe. Hizo hazibadilishi daraja la bei, kwa hiyo waliokuwa na uwezo wakaanza kuomba mita zao. Jifunze pia kusoma ile meseji ya tokeni, jinsi pesa yako inavyogawanywa kati ya stima yenyewe na tozo nyingine. Nimekutana na wenye shahada mbili wasiojua kwamba kuna VAT ya asilimia 16 humo ndani.

Na usimwambie mtu yeyote atupe jiko lake. Chapati haitoki kwenye sufuria ya presha. Ugali unatoka ukilazimisha, lakini mwanamume wa Kayole ataukataa kwa kuuangalia tu. Waache na gesi yao. Gesi nayo wanaijua vizuri: iliwekewa VAT Julai 2021, wengi wakarudi kwenye makaa, ikaondolewa 2023, wakarudi kwenye gesi. Watu hawa wamefanya mpito wa nishati mara nyingi kuliko sisi tunaolipwa kuufanya. Ah, na ule mpira wa kifuniko, waonyeshe jinsi ya kuuosha na waambie unauzwa wapi. Mpira ukikatika na hakuna wa akiba, sufuria ya maelfu inageuka kuwa ya kuwekea unga.

Sasa yule mzee amefuta yale maandishi mekundu na kuandika mapya: NYUMBA ZA KUPIKA NA STIMA ZIPO. Halafu akapandisha kodi kwa shilingi mia tano. Wapangaji wakanipigia mimi, siyo yeye, na kusema kweli walikuwa na haki. Nilirudi tukakaa pale pale, nikampigia hesabu ya kodi anayopoteza chumba kikikaa mtupu mwezi mmoja. Tumepatana kwamba ya zamani inabaki hadi mwaka uishe. Nimemwomba aweke sahihi, anasema neno la mzee linatosha. Karatasi bado iko kwenye mkoba wangu, na Jumamosi naenda tena.