Dawa za saa mbili

Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku simu tatu zinalia hapa kwetu Bombo, Uganda, ya mama, yangu na ya mdogo wangu mwenyewe, na hata kama sebuleni kumejaa wageni lazima mtu aamke alete maji. Takrolimasi, dawa inayozuia kinga ya mwili isishambulie moyo aliopandikizwa mdogo wangu, masaa 12, takrolimasi tena. Mikofenolati pia anayo, na prednisoloni kidogo, za kazi hiyohiyo.

Majirani wanamuuliza, we si walishakuwekea moyo mpya kule Chennai, India, mbona bado unameza tu? Ndio, na atameza siku zote za maisha yake, kwa sababu askari wa mwili, yaani kinga, hawazoei. Kwao ule moyo ni mgeni aliyeingia bila kubisha hodi, leo, kesho na miaka kumi ijayo, dawa ndio inawashika mikono wasimpige. Ukizidisha dawa, askari wanalala kabisa na kila ugonjwa unaingia, ukipunguza wanaamka. Mgonjwa wa kwanza kabisa, Louis Washkansky, aliwekewa moyo wa mtu mwingine na Dr. Christiaan Barnard pale Cape Town mwaka 1967, akaishi siku 18 tu, na kilichomuua ni nimonia, kinga yake ilikuwa imeshalazwa na dawa za wakati ule. Hospitali nyingi zikaacha huo upasuaji mpaka ilipokuja siklosporini, dawa nyingine ya kulaza kinga, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1983. Na unajua ilitoka wapi? Kwenye kuvu wa udongo wa Norway! Hii takrolimasi yetu nayo imetoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Kila nikifungua kile kikopo nasema alhamdulillah kwa huo udongo.

Sasa niwaambie yaliyotupata mwaka jana. Mdogo wangu alianza kukohoa, akapimwa akakutwa na TB, kituo kimoja cha afya kikampa dawa za TB za kawaida, karatasi zake zote za moyo walikuwa wamezishika mkononi lakini hakuna aliyesema kitu, na mimi pia sikupiga simu Chennai nikaona TB ni TB, dawa ni dawa. Ndani yake kuna rifampisini. Hiyo rifampisini inaamsha ini lifanye kazi kupita kiasi, basi takrolimasi inaingia tumboni na ini linaivunja upesi, mtu anameza vizuri kabisa kwa saa yake lakini kwenye damu hamna kitu.

Na hakusikia maumivu. Hilo ndio linaniogopesha mpaka leo, moyo wa kupandikizwa unakatwa mishipa yake ya fahamu, kwa hiyo ukishambuliwa unaweza kunyamaza tu. Mimi nilichoona ni sandali. Zile sandali zake za kila siku zilikataa kuingia mguuni, miguu imevimba, alafu akitoka chooni anasimama katikati ya uwanja kupumua. Tukapima damu, kipimo cha takrolimasi kilichokuwa 8 kimeshuka chini ya 2.

Tulianza dripu Kampala usiku uleule, Chennai wanatuelekeza kwa simu: methiliprednisoloni gramu 1 kwa siku, siku 3. Hiyo ni steroidi ya nguvu ya kulaza kinga haraka, yeye mwenyewe hakulala kabisa, saa tisa usiku ananiomba chapati na maharage. Alafu tukapanda ndege. Kule wakapitisha kifaa chembamba kwenye mshipa wa shingo mpaka ndani ya moyo wakachuna vinyama vidogo kuliko punje ya mchele, wakaviangalia kwa darubini, mashambulizi yameanza kupoa. Yasingepoa walikuwa wanakwenda kwenye dawa ya kuzima kinga inayotengenezwa kutoka damu ya sungura. Rifampisini wakaitoa wakaweka rifabutini ambayo haisumbui ini sana, takrolimasi wakaipandisha.

Siku hizi kabla ya kupima damu hamezi kwanza, anakuja maabara na kidonge mfukoni, wakishatoa damu ndio anameza. Na ana kadi nimemwandikia mwenyewe kwa Kiswahili, Luganda na Kiingereza: nina moyo wa kupandikizwa, usinipe dawa yoyote kabla hujapiga namba hii. Hata ya fangasi, flukonazoli, inapandisha takrolimasi mpaka mikono inatetemeka na figo zinaumia.

Juzi alienda duka la dawa kwa ajili ya koo, akatoa kadi kwanza. Yule dada wa dukani akaisoma mara mbili, akarudisha dawa aliyokuwa ameshaishika, akanipigia.