Watoto Wangu Walivyouza Juisi na Bisi Siku Tulipouza Vyombo vya Nyumbani

Mume wangu alipohamishiwa kazi Dodoma, tuliamua kuuza sehemu kubwa ya vyombo vyetu papa hapa nyumbani, mtaa wa Soweto mjini Moshi, badala ya kuvipakia kwenye lori ambalo nauli yake ingekaribia thamani ya makochi yenyewe. Tulichagua Jumamosi moja ya katikati ya Desemba, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na kwa sababu majuma hayo watu wengi wa Kilimanjaro wanaoishi mikoa mingine huanza kurejea nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Tulimpa taarifa mwenyekiti wa mtaa, tukatuma picha za vitu kwenye makundi ya WhatsApp, kisha tukasafisha banda la gari na eneo la chini ya mparachichi ili vitu vipangwe kivulini.

Wazo la kuuza vinywaji na vitafunwa lilitoka kwa binti yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 12. Alisema kuwa watu watakaokuja kuangalia kitanda au kabati watasimama juani kwa muda mrefu, na mtu mwenye kiu huondoka mapema. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 9, na kitindamimba wetu wa miaka 7 walimuunga mkono papo hapo. Mimi nilikubali, lakini mama mkwe wangu, aliyekuwa ameshuka kutoka Kibosho kutusaidia kufunga mizigo, hakupendezwa hata kidogo. Aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, watoto wakionekana wanauza karanga, watu watasema baba yao ameshindwa kuwalisha." Sikulichukulia neno lake kuwa la kizamani. Katika miji yetu tunawaona watoto wakizunguka na beseni la mayai au karanga saa ambazo wenzao wako darasani, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Nilimweleza mama kwamba hawa hawaajiriwi na mtu, hawatatoka nje ya geti, hawatabeba sufuria la moto, na kila mmoja atapumzika anapotaka bila kuulizwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kama ni hivyo, ukwaju ataupika yeye, maana mimi huuharibu kwa kutia maji mengi.

Jambo nililolisimamia tangu mwanzo ni kwamba biashara hiyo iwe yao kweli. Nimewahi kuona wazazi wakinunua kila kitu, wakiwaachia watoto kazi ya kupokea noti tu, na jioni mtoto anaamini kwamba shilingi 40,000 zilizomo kwenye kopo zote ni faida. Kwa hiyo niliwakopesha shilingi 30,000, tukaandika deni hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na Ijumaa asubuhi nikaenda nao Soko la Mbuyuni wakanunue wenyewe. Sukari kilo 2 iliwagharimu 6,000, ukwaju kilo moja 3,000, pasheni sado moja (ndoo ndogo ya kupimia sokoni) 5,000, karanga mbichi kilo 2 kwa 7,000, mahindi ya bisi kilo moja 3,000, tangawizi 1,000 na bahasha ndogo za kaki 2,000. Bahasha za karatasi hazikuwa pambo, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na sikutaka watoto waanze biashara kwa kuvunja sheria. Zilibaki shilingi 3,000, ambazo binti yangu aliamua zikae kama chenji.

Usiku ule tulichemsha maji yote, ya juisi na ya barafu, tukayaacha yapoe kwenye ndoo zenye mifuniko. Bibi yao aliloweka ukwaju, akauchemsha na kuuchuja mara mbili. Pasheni tuliikamua kwa kijiko na chujio badala ya kuisaga kwenye blenda, kwa sababu mbegu zikisagika juisi huwa na ladha ya uchungu na punje zinazokwama kooni. Kabla ya kuamua kiasi cha kumimina, watoto walipima kwa jagi na kukuta kwamba walikuwa na lita zipatazo 15, yaani glasi 60 za robo lita. Waliafikiana kuuza glasi moja kwa shilingi 500, na bahasha ya bisi au ya karanga kwa bei hiyohiyo. Mimi niliona bei ya karanga iko chini, lakini nilinyamaza.

Saa mbili asubuhi watu wa kwanza waliingia, na tatizo la kwanza likaingia nao, nalo lilikuwa chenji. Mteja wa kwanza alitoa noti ya 10,000 kwa glasi moja ya ukwaju. Mwanangu wa kiume alimtazama dada yake, dada yake akanitazama mimi, nami nilikuwa na noti kubwa tupu za watu walionunua sufuria na mapazia. Tulilazimika kumtuma kijana wa jirani dukani avunje noti mbili zipatikane sarafu za 500 na 200. Tangu hapo walianza kuuliza kwa adabu kabla ya kumimina: "Shikamoo, karibu juisi. Una chenji?" Waliokosa walilipa kwa simu kwenye namba yangu, na hapo nilijiwekea sharti kwamba kila malipo ya simu niyatoe taslimu na kuyatia kwenye kopo lao palepale, mbele yao. Watu wanane walilipa hivyo. Kama ningesema nitawapa jioni, nina hakika fedha hizo zingepotelea kwenye mkanganyiko wa mauzo yetu, na watoto wangekuwa na haki ya kulalamika.

Kosa kubwa la siku lilikuwa langu. Friji ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyouzwa, na saa nne mtu mmoja alilipa bei kamili bila kupunguziwa, akaita toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ije kuichukua. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba barafu yote na nusu ya juisi vimo ndani yake. Binti yangu alikuja mbio, machozi yakimlengalenga, akaniuliza, "Mama, mbona hukutuambia?" Nilimwomba radhi, kisha nikamwomba na mnunuzi atupe nusu saa, naye alikubali. Tulihamishia barafu kwenye ndoo yenye mfuniko, tukaiweka ndani ya beseni kubwa lililojazwa maranda kutoka kwa fundi seremala wa jirani, na kuifunika kwa magunia mawili yaliyoloweshwa. Barafu ilidumu hadi saa tisa, na ningejua hivyo mapema nisingeitegemea friji hata mara moja. Yule mnunuzi, akisubiri toyo, alikunywa glasi tatu na kununua bisi za watoto wake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona alichokiona binti yangu kabla yetu sote. Watu waliokuja kwa ajili ya kitu kimoja walikaa kwenye viti vilivyokuwa vikiuzwa, wakanywa, wakatazama huku na huku, na mmoja wao akanunua viti vyenyewe vinne alivyokuwa amevikalia na wenzake. Siwezi kusema ni vitu vingapi viliuzwa kwa sababu ya juisi, ila meza ya watoto tulikuwa tumeiweka karibu na geti, na mchana tuliihamishia mwisho wa banda, nyuma ya makabati, ili mwenye kiu apite kwanza kwenye vitu vyote. Ningewashauri wengine waiweke huko tangu asubuhi.

Jambo lililonipa shida moyoni lilikuwa kuwaona watu wazima wakivutana bei na mtoto wa miaka 9. Wengi walifanya kwa upole, lakini mama mmoja alishikilia kwamba glasi ile ni ya shilingi 200 na akainyoosha sarafu yake bila kuishusha. Nilishanyanyuka kwenda kuingilia. Mwanangu akamwambia, "Mama, bei ni mia tano, lakini nitakujazia hadi juu na bisi utaonja." Yule mama alitoa 500. Nilirudi nikakaa, na kwa siku nzima sikuinuka tena kwa ajili ya bei, ingawa niliendelea kukaa mahali ninapowaona wote watatu. Glasi walizotumia nazo zilikuwa za kuuzwa, na jirani aliyezitaka saa sita aliambiwa na kitindamimba azifuate jioni zikishaoshwa. Alizifuata, ingawa moja ilikuwa imevunjika, nasi tukampunguzia.

Saa kumi na moja tulifunga geti na kuketi na daftari. Juisi glasi 54 zilileta shilingi 27,000, bisi bahasha 28 zilileta 14,000, na karanga bahasha 15 zilileta 7,500, jumla 48,500. Walirudisha deni langu lote, na baada ya kutoa gharama ya 27,000 ikabaki faida ya 21,500. Tulipochambua kila bidhaa peke yake, mwanangu wa kiume aligundua kwamba karanga zilizonunuliwa kwa 7,000 zilirudisha 500 tu juu ya mtaji, ilhali mahindi ya 3,000 yalizaa 14,000. Alihesabu upya, akiamini amekosea, na alipopata jibu lilelile aliandika pembeni kwa herufi kubwa kwamba safari nyingine karanga ziwe nusu kilo au zisiwepo. Dada yake aliuliza kuhusu gesi, maji na kazi ya bibi, ambavyo havikuandikwa popote. Nilimjibu ukweli, kwamba vingeandikwa faida ingepungua, na kwamba siku hiyo vilikuwa mchango wa nyumba kwao. Aliongeza mstari huo kwenye daftari bila kuweka kiasi, na shilingi 500 isiyogawanyika kwa watatu akampa kijana wa jirani aliyeenda kuvunja noti, pamoja na bahasha mbili za karanga.

Kila mmoja alibaki na 7,000. Bibi yao alikuwa wa kwanza kuwauliza watazifanyia nini. Kitindamimba alikataa noti, akataka sarafu 14 za mia tano, akazipanga juu ya mkeka na kumpa bibi yake mbili, akisema ni za ukwaju.