Siku moja maishani mwangu: kaunsela wa shule ya kati msimu wa mitihani

Wengi mnaniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Mimi ni kaunsela wa shule ya kati huku Marekani, yaani darasa la sita mpaka la nane, watoto wa miaka 11 hadi 14. Chama cha makaunsela wa shule hapa nchini kinashauri kaunsela mmoja awe na wanafunzi wasiozidi 250 na shule nyingi zimepita hapo, yetu ikiwemo. Nimechagua siku ya Aprili kwa sababu machipuko ndio msimu mzito kuliko yote, kila kitu kinakuja kwa pamoja, mitihani, matamasha, darasa la nane kwenda kuona sekondari yao mpya, na wasiwasi wa watoto unapanda na hayo yote. Mambo ya watoto na familia zao nimeyabadilisha ili asijulikane mtu.

Saa moja kasoro asubuhi

Imeili kwanza. Wazazi wanaandika kitu kilekile kwa maneno tofauti: tumbo linamuuma, hajalala, kichwa kinamgonga, leo tumwache nyumbani? Leo mitihani ya jimbo inaanza. Sheria ya nchi inataka kila mtoto wa darasa la tatu mpaka la nane apimwe kusoma na hesabu kila mwaka, na kwa kawaida mitihani hiyo inaangukia machipuko. Najibu mmoja mmoja. Kama hana homa na hatapiki mleteni, hata akichelewa mleteni, ila msimwambie anajifanya. Mtoto hajifanyi jamani. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inapelekwa kwenye misuli na tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula, sasa lisiume kwa nini? Maumivu ni ya kweli kabisa, ila dawa yake si kubaki kitandani.

Saa moja na nusu

Niko getini. Gari moja imesimama muda mrefu, binti wa darasa la saba yuko kiti cha nyuma ameushika mkanda kwa mikono miwili, hataki kushuka. Baba yake ananiangalia kwa macho ya mtu aliyechoka kabla siku haijaanza.

"Mwalimu, si nimrudishe tu nyumbani leo, kesho atakuwa sawa?"

Namwambia baba subiri kidogo. Nachuchumaa mlangoni, namsalimia binti, na simwambii "usiogope" kwa sababu tayari anaogopa na hilo neno halijawahi kumtoa mtu hofu. Namuuliza wasiwasi uko ngapi saa hizi, sifuri mpaka kumi. Tisa. Sawa, hatuendi darasani, tunashuka tu tusimame hapa nje pamoja. Anashuka. Tunasimama, hatuongei sana, baada ya muda namuuliza tena, nane. Tunasogea mpaka benchi la karibu na ofisi. Saba. Kipindi cha kwanza atakaa maktaba na rafiki yake mmoja, cha pili anaingia darasani, akae karibu na mlango kama anataka.

Halafu narudi kwa baba, na nilichomwambia ndio kitu ningependa kila mzazi akishike hata akisahau mengine yote. Ungemrudisha nyumbani wasiwasi ungeshuka palepale, mngeona ahueni wote wawili, ila ubongo wake ungeandika kwamba kilichomwokoa ni kukimbia. Kesho ile tisa ingekuwa kumi. Ni kama paka wa jirani, ukimlisha mara moja ili aache kulia mlangoni, kesho anakuja mapema zaidi. Wasiwasi wenyewe unapanda, unafika juu, halafu unashuka bila kukimbia popote, lakini mtoto hawezi kulijua hilo kwa kuambiwa, lazima akae mpaka auone unashuka.

Saa tatu

Msimamizi wa mtihani ananiletea kijana wa darasa la nane, anatetemeka, anapumua harakaharaka, anasema vidole vinakufa ganzi. Hapa watu wengi wanamwambia mtoto "vuta pumzi kwa nguvu", na mtu ambaye tayari anapumua kupita kiasi ukimwambia avute zaidi unamwongezea kizunguzungu na ganzi. Tunafanya kinyume, kuvuta kidogo kupitia puani, kutoa polepole kwa muda mrefu kuliko wa kuvuta, maana kwenye kutoa pumzi ndipo moyo unapopunguza kasi. Miguu chini, mgongo kwenye kiti, aniambie vitu anavyoviona chumbani. Baada ya kama dakika kumi rangi inarudi usoni.

Kisha anarudi kwenye mtihani. Si ukumbini, anaenda chumba kidogo na ana muda wa ziada, kwa sababu ana mpango wa 504, yaani makubaliano ya maandishi ya jinsi shule itakavyomsaidia, ambao unatokana na sheria ya mwaka 1973 inayolinda watu wenye ulemavu na hali za kiafya, na wasiwasi uliozidi unaweza kuingia humo. Wazazi wengi wahamiaji hawajui kama hii ipo. Ombeni kwa maandishi, mnaruhusiwa, na mkiomba hamsumbui mtu.

Saa nne na nusu

Darasa la sita, kipindi ninachokipenda. Nawapa karatasi yenye mchoro wa mwili wapake rangi mahali wasiwasi unapokaa. Wengi tumbo, wengine koo, mmoja kapaka magoti yote mawili. Tayari hapo chumba kinabadilika maana kila mmoja alidhani yuko peke yake. Halafu wanaandika wanachoogopa bila majina, nakusanya, nasoma: kusoma kwa sauti mbele ya watu, kubadilisha nguo kipindi cha michezo, kufungua kufuli ya namba kwenye kabati wakati kengele imeshalia, kuondolewa kwenye grupu la simu na wenzako, mama kuumwa. Hicho cha mwisho sikupita haraka.

Tukachagua kimoja, kusoma kwa sauti, tukakikata vipande. Unaanza kusomea chumbani kwako, kisha kwa mdogo wako, kisha unamsomea rafiki mmoja, kisha sentensi moja darasani ukiwa umekaa kwenye kiti chako, na ndipo aya nzima. Kila kipande kinarudiwa mpaka kichoshe. Mtoto mmoja akauliza kwa hiyo unaacha kuogopa kabisa? Nikamwambia hapana, unaanza kuona kwamba unaweza kusoma huku unaogopa, na mara nyingi hofu yenyewe inachoka. Akaonekana kuridhika kuliko ningemwahidi muujiza.

Saa sita

Kantini. Nazunguka tu, natafuta anayekula peke yake bila kupenda. Binti wa asubuhi yuko mezani na wenzake, nampita, ananionyesha vidole vinne bila mtu kuona.

Saa saba na nusu mchana

Simu na bibi mmoja anayemlea mjukuu wake, familia imehamia kutoka Afrika Mashariki, kwa hiyo tunaongea Kiswahili na naona hata sauti yake inalegea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu mjukuu wangu hanipi usingizi. Usiku kucha ananiuliza, bibi nikipotea huko sekondari, bibi nikikosa rafiki. Namjibu hutapotea. Dakika mbili anauliza tena."

"Na wewe unamjibu tena."

"Sasa nifanyeje, nimnyamazie mtoto?"

Nikamweleza, jibu la kwanza ni upendo, ila la pili na la kumi yanamfundisha kwamba hawezi kulala bila jibu. Ajibu mara moja vizuri, halafu akiuliza tena amwambie, najua unaumia na najua utaweza, basi. Hivi sivibuni mimi, kuna programu ya Chuo Kikuu cha Yale iliyoanzishwa na Eli Lebowitz inayowafundisha wazazi tu, mtoto hata haingii kwenye kikao, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta watoto walipata nafuu sawa na waliotibiwa wenyewe kwa mazungumzo. Bibi akakaa kimya kidogo.

"Nitajaribu leo. Lakini akilia nitalia naye."

"Lieni wote bibi, ila jibu la pili usitoe."

Akacheka. Tukapanga pia mjukuu atembelee sekondari kabla ya wenzake, jengo likiwa halina watu, aione njia ya kutoka getini mpaka darasani kwa miguu yake.

Saa tisa na nusu

Mabasi yameondoka, nakaa kuandika ukurasa wangu kwenye jarida la machipuko. Habari ni nyingi, tamasha la bendi na kwaya, siku ya michezo, darasa la nane kuchagua masomo ya mwakani, na Mei ambao ni mwezi wa afya ya akili hapa Marekani tangu 1949. Nimekataa kuweka orodha ya "njia za kutulia". Mishumaa na muziki havina ubaya ila mzazi anayepambana na mtoto ndani ya gari asubuhi havimsaidii. Nimeandika vitu vya kufanya wiki ya mitihani: simu ilale nje ya chumba cha mtoto, muda wa kulala usisogezwe hata kama anataka kurudia somo, begi lipangwe jioni, asubuhi msianze mjadala wa kwenda au kutokwenda, ongeeni kuhusu njia ya kufika tu. Na msimuulize "una wasiwasi?" kila baada ya dakika, muulizeni siku ilikuwaje.

Saa mbili usiku

Niko nyumbani, sipaswi kujibu ujumbe saa hizi ila huu nimeujibu. Baba wa asubuhi anauliza, nitajuaje kama hii imeshapita kiasi, niende kwa daktari?

Nimemwandikia hivi. Angalia kama inamzuia kuishi, shule inakosekana, usingizi umepotea, marafiki amewaacha, na hali haipungui wiki hadi wiki. Hapo nenda, na usisubiri mpaka iwe mbaya, jopo la kitaifa la wataalamu wa kinga ya magonjwa linashauri tangu Oktoba 2022 watoto wa miaka 8 hadi 18 wapimwe wasiwasi kwa daktari hata wasipoonyesha dalili. Tiba zipo na zinafanya kazi, utafiti mkubwa wa mwaka 2008 wa watoto na vijana 488 ulikuta waliopata tiba ya mazungumzo asilimia 60 waliimarika sana, waliopewa dawa ya setralini asilimia 55, waliopata vyote viwili 81, na wa kidonge kisicho na dawa 24. Dawa ni uamuzi wenu na daktari, si wangu. Ila akisema hata mara moja kwamba hataki kuishi, usisubiri miadi, piga au tuma ujumbe 988, namba ya hapa Marekani ya kusaidia wanaofikiria kujiua, wapo saa 24.

Akajibu asante mwalimu, kesho tunakuja na gari ileile, nitasimama mbali kidogo na geti ili atembee mwenyewe hatua za mwisho. Nikamwambia hapo pazuri, ila muulize yeye kwanza usimame wapi.