Zeituni Barabarani: Kutoka Caimari hadi Sa Calobra

Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Kwa aliyekuwa akiendesha baiskeli kwenye tambarare ya Mallorca, kisiwa cha Hispania, lami ingekuwa imekauka kufikia saa nne. Sisi tulikuwa Caimari, kijiji kilicho chini ya milima ya Serra de Tramuntana, mwezi wa Novemba 2019, na mavuno ya zeituni yalikuwa yamepamba moto. Huko mvua ikikatika haijaisha. Mizeituni imepandwa kwenye matuta yanayoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, tena kwa makusudi, ili maji yapenye ukuta usibomoke. Yale yaliyonywewa na udongo wa juu usiku hutokeza chini mchana, yakivuja barabarani kona baada ya kona, na kona zilizotazama kaskazini hazioni jua la Novemba hata kidogo. Changanya na zeituni zilizoanguka zikasagwa na magari, nawe una lami isiyoaminika.

Nilikuwa na shemeji yangu, mgeni kutoka Mombasa. Miguu alikuwa nayo. Barabara ya Kilifi huimaliza asubuhi kabla jua halijawa kali. Alichokosa ni mazoea ya mteremko mrefu, kwa sababu pwani hakuna pa kuyapatia. Njia tuliyoipanga ilikuwa na miteremko miwili ya maana: ule wa kwenda baharini Sa Calobra, na ule wa kurudi Caimari jioni.

Kazi ya kwanza ilikuwa upepo wa tairi. Baiskeli yake ilikuwa ya kukodi, tairi za milimita 28 zenye tyubu, zimejazwa hadi PSI 95 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo). Yeye ana kilo 82. Nikapunguza nyuma ikabaki 72 na mbele 66. Tairi gumu likikutana na lami yenye chembe za mawe hurukaruka, na kila linaporuka halishiki kitu. Likilegea kidogo hulala juu ya lami na kuikumbatia. Lakini usivuke mpaka. Kwa uzito wake, chini ya PSI 55 shimo moja tu linatosha kuibana tyubu kati ya rimu na ukingo wa shimo, ikatoka na matundu mawili sambamba. Pancha ya namna hiyo ukiiona, usihangaike kutafuta mwiba.

Tulipanda kwa barabara ya Ma-2130. Kutoka Caimari hadi Coll de sa Batalla (coll ni pito la mlimani) ni kilomita 8 hivi, mwinuko wa wastani wa asilimia 5, mpaka mita 576 juu ya bahari. Ni mlima mpole na mzuri kuliko yote ninayoijua ya kuanzia siku. Mizeituni ya pale ni mizee kweli, mashina yamejisokota na kupasuka katikati, kondoo wanalisha chini yake. Wavunaji walikuwa wameshatandika nyavu, wanapiga matawi kwa fimbo ndefu. Inahitajika karibu kilo 5 za zeituni kupata lita moja ya mafuta, kwa hiyo kinachobebwa ni kreti nyingi na nzito, na pikapu zinazozibeba huacha nyingine njiani.

Wengi hudhani zeituni barabarani ni hatari kwa sababu ya mafuta peke yake. Mafuta ni nusu ya shida. Zeituni iliyosagwa huacha uji wa ganda na nyama, na ndani ya uji huo imo kokwa ngumu ambayo tairi likiikanyaga huviringika kama gololi. Wakati wa kupanda, gurudumu la nyuma huteleza robo ya mzunguko, basi. Wakati wa kushuka, kosa hilohilo likitokea gurudumu la mbele nawe umelala kwenye kona, huna muda wa kulirekebisha. Ndiyo maana nilimwomba shemeji aitazame barabara tunapopanda na kukariri mahali penye madoa meusi, kwa kuwa tungerudi palepale.

Pale Coll de sa Batalla pana kituo cha mafuta chenye mkahawa, na waendesha baiskeli wote wa kisiwa husimama hapo. Tukajaza chupa. Hesabu yangu ni nusu lita ya maji kwa saa siku ya baridi, robo tatu siku ya joto, na gramu 60 za wanga kwa saa. Shemeji alikuwa na tende mfukoni. Tende kubwa moja ina gramu 16 hivi, kwa hiyo nne kwa saa zinatosha kabisa, na hazigandi kwenye baridi kama chokoleti.

Kutoka hapo barabara ya Ma-10 inapanda na kushuka polepole hadi kwenye njia panda ya Ma-2141, inayopanda kwanza hadi Coll dels Reis, mita 682, kisha inaanguka mpaka baharini. Barabara hii ilibuniwa na mhandisi Antonio Parietti na kujengwa miaka ya 1930 mwanzoni. Kabla yake, njia ya kawaida ya kufika Sa Calobra ilikuwa kwa chombo cha baharini. Parietti hakutaka kutoboa mlima. Aliifuata sura ya mlima wenyewe, mawe yaliyochongwa upande mmoja yakajazia upande mwingine, na mahali mlima ulipomnyima nafasi aliizungusha barabara ikapita chini yake yenyewe. Fundo hilo, Nus de sa Corbata, liko karibu na kileleni. Kwangu mimi ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima kuliko madaraja mengi makubwa: mwinuko karibu haubadiliki, asilimia 7 kwa kilomita 9.4, hivyo anayepanda hapigwi na ukuta wa ghafla.

Anayeshuka ndiye mwenye kazi. Mtu wa kilo 82 na baiskeli yake na maji ni kilo 94 hivi. Ukimshusha mita 670, nishati inayotakiwa kwenda mahali fulani ni kilojuli 600 na ushei. Sehemu hubebwa na hewa. Iliyobaki hugeuka joto kwenye breki. Ukizishika breki kidogokidogo bila kuachia, diski hazipati nafasi ya kupoa, pedi hupoteza ukali, na kwenye breki zinazosukumwa kwa mafuta badala ya waya, mkono wa breki huanza kuzama hadi kwenye usukani. Nikamwambia, “Shemeji, kamata kwa nguvu, achia. Kamata, achia. Usizibembeleze.”

Mengine niliyomwambia yalikuwa haya. Mikono chini kwenye pembe za usukani, kwa sababu hapo vidole viwili vinatosha kuvuta breki na uzito unakaa chini. Breki zote mbili, kabla ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima. Ukishaanza kulala, achia. Pedali ya nje iwe chini na uikanyage kwa uzito wako. Macho yatangulie kule unakotokea, yasibaki kwenye tundu la barabara unaloliogopa. Mistari myeupe na vifuniko vya chuma, pita ukiwa wima. Na lami ikiwa mbichi, gusa breki sekunde mbili mapema ili pedi zifute maji kwenye diski, ndipo uvute.

Alishuka vizuri. Kona kali zilizidi ishirini, na kila niliposimama kumngoja alikuwa katika mstari wake. Mabasi ya watalii, ambayo majira ya joto huziba njia kuanzia katikati ya asubuhi, siku ile yalikuwa machache. Tatizo lilitokea chini, baada ya pale barabara inapojibana kati ya miamba miwili. Mbuzi mwitu wa milima ile hutembea juu ya miamba na kuangusha vijiwe vyenye ncha. Kimoja kilikuwa ndani ya kivuli. Nilisikia upepo ukitoka kwenye tairi lake la nyuma kwa mkupuo mmoja, naye akasimama salama kwa breki ya mbele, akiwa wima.

Haikuwa pancha ya kawaida. Ubavu wa tairi ulichanika milimita 6, karibu na ukingo unaoshika rimu. Ukitia tyubu mpya na kujaza upepo tu, itatokeza kwenye mchaniko huo na kupasuka baada ya mita mia chache. Na Sa Calobra ukiharibikiwa huna njia nyingi: boti ya Port de Sóller hutegemea hali ya bahari, na barabara ni ileile uliyoshukia.

Tulitia cheni kwenye sproketi ndogo kabisa ya nyuma, tukatoa gurudumu. Kwa breki za diski, gurudumu likishatoka usiguse mkono wa breki, maana pistoni zitafungana. Nikachomeka kipande cha kadibodi kilichokunjwa kati ya pedi. Tukalivua tairi upande mmoja kwa vijiti vya plastiki na kupitisha vidole ndani taratibu, mzunguko mzima. Kijiwe kilikuwa bado kimenasa. Hatua hii watu huiruka kwa haraka, kisha wanaua tyubu ya pili palepale.

Kwenye kimkoba cha chini ya kiti hubeba kipande cha tairi kuukuu, sentimita 3 kwa 5, kingo zake zimepunguzwa kwa kisu zisikwaruze tyubu. Kipande hicho kililazwa ndani, juu ya mchaniko, kikashikiliwa na tyubu mpya yenye upepo kidogo wa kuipa umbo. Ukingo wa tairi tuliurudisha kwa vidole gumba, tukimalizia kwenye vali, kisha vali ikasukumwa juu mara moja ili tyubu isibaki imebanwa chini yake. Tukakagua pande zote mbili. Ndipo tukajaza, kwa pampu ya mkono. Chupa ya gesi ya gramu 16 ingemaliza kazi kwa sekunde tano, lakini ingetupeleka kwenye presha kubwa ghafla, na tairi lililochanika linataka kupandishwa huku ukilitazama. Kwa PSI 50 halikuvimba. Tukaishia 60 baada ya mikupuo mia mbili na zaidi, tukipokezana.

Shemeji akauliza kama tuhamishie tairi hilo mbele, kwa kuwa uzito mwingi uko nyuma. Nikamwambia hapana. Tairi la nyuma likipasuka unaweza kuimudu baiskeli ikiyumba. La mbele likipasuka kwenye kona unaanguka. Bovu hukaa nyuma.

Kupanda kurudi hakukuwa na wasiwasi wowote kwa tairi. Mbele alikuwa na sproketi ya meno 34, nyuma 32. Akizungusha pedali mara 70 kwa dakika, gia hiyo humpa kilomita 9 na nusu hivi kwa saa, na kwa uzito wake inamdai wati 190 hivi. Kwa hiyo mlima ni saa moja, na yeye aliumaliza kwa saa moja na dakika chache bila kusimama, akila tende moja kila robo saa. Anayechoma wati 250 kilomita tatu za mwanzo huwa anatembea kwa miguu karibu na lile fundo.

Tulifika Coll de sa Batalla saa kumi na nusu. Jua la wakati ule huzama karibu saa kumi na moja na nusu. Tukawasha taa na kuvaa koti za upepo hapohapo juu, kabla jasho halijapoa. Huu ndio mteremko niliokuwa nikiufikiria tangu asubuhi. Wavunaji walikuwa wanapakia kreti za mwisho, na lami ilikuwa na zeituni nyingi kuliko tulipopanda. Nilitangulia, mwendo haukuzidi kilomita 25 kwa saa, nikipita kwenye mfereji wa gurudumu la kulia la magari. Katikati ya njia ndiko uji na kokwa hukusanyika, na pembeni kuna majani na maji ya kutani. Mara mbili gurudumu lake la nyuma liliteleza kidogo, na mara zote mbili alikuwa ameshaachia breki. Tairi lilifika Caimari likiwa na upepo wake.

Kabla ya chakula tulisafisha. Breki zilikuwa zinalia, ishara kwamba filamu ya mafuta imefika kwenye diski. Diski zilifutwa kwa kitambaa safi na spiriti, pedi zikasuguliwa kwa msasa laini. Sabuni ya kawaida haitoshi, na dawa ya kupuliza ya cheni isikaribie kabisa. Pedi za nyuma za shemeji zilikuwa zimekwisha hadi nusu milimita, kwa sababu mgeni wa mteremko huiogopa breki ya mbele na kuitesa ya nyuma. Za mbele zingefaa safari moja tu. Nikabadilisha zote nne, pamoja na tairi.