Namna Nilivyojua Konsetina ya Babu Ilitengenezwa Wapi na Lini

Kwa miaka mingi, kila aliyeiona konsetina ya babu (kinanda kidogo cha mkononi chenye vitufe pande mbili na mvukuto wa kupulizia hewa katikati) nyumbani kwetu Kirumba, Mwanza, alituambia neno moja, kwamba ni kinanda cha Mjerumani. Mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani karibu na Makoroboi alisisitiza hivyo hivyo bila kuifungua, kisha akasema, "Mwanangu, kipige msasa na vanishi, kitapata bei." Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu msasa ungefuta kila alama niliyoitegemea baadaye.

Nilianza na sauti. Konsetina za Kijerumani, zilizotokana na ile ya Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz ya mwaka 1834, hutoa noti moja ukivuta mvukuto na nyingine ukiusukuma, ingawa kidole kiko kwenye kitufe kilekile. Ya babu ilitoa noti ileile kwa kuvuta na kwa kusukuma, na ina vitufe 48, yaani 24 kila upande. Huo ni mfumo wa Kiingereza, aliouanzisha Charles Wheatstone wa London. Upande mmoja palikuwa na karatasi iliyofifia, yenye jina la kampuni ya Wheatstone na anwani ya West Street, Charing Cross Road. Upande wa pili palikuwa na namba.

Namba hiyo ndiyo iliyonikosesha. Kwa mwanga wa tochi niliisoma kuwa inaanza na 20, na kwa kuwa namba kama hizo ni za karne ya 19, nilimpigia baba na ndugu zangu wote nikawatangazia kuwa babu alituachia kitu chenye zaidi ya miaka 120. Siku mbili baadaye nilisoma kwamba katika karne ya 19 kampuni hiyo ilikuwa Conduit Street, na kwamba ilihamia West Street mwaka 1905. Anwani na namba havikuweza kusema kweli kwa pamoja.

Ikabidi niifungue. Kila upande una skrubu sita ndefu, na kila moja imezoea tundu lake. Kwa hiyo nilikata kipande cha boksi chenye pembe sita, nikakitoboa, na kila skrubu niliyoitoa niliichomeka mahali pake. Wapo wanaozitia zote kwenye kisosi, halafu wanaharibu mbao wakati wa kurudisha. Ndani, kila ulimi wa chuma, ule unaotetemeka na kutoa sauti, ulikuwa na fremu yake ndogo ya shaba, umechomekwa kwenye mfereji wake, na pembeni mwa ubao unaobeba ndimi hizo namba ilikuwa imegongwa, safi kana kwamba imegongwa jana. Ilianza na 30, si 20. Tarakimu ya kwanza ndiyo iliyokuwa imechakaa kwa nje.

Vitabu vya kiwanda cha Wheatstone vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Horniman, London, na picha za kurasa zake zipo kwenye intaneti. Ilinigharimu vocha za data kadhaa na usiku mmoja mrefu. Nilipoufikia mstari wenye namba yetu, iliyoandikwa kwa mkono pamoja na tarehe, mwaka ulikuwa 1924, wakati ambapo Waingereza walikuwa wameshaichukua Mwanza kutoka kwa Wajerumani tangu 1916.