Masta ya saikolojia na woga wa takwimu

Jamani, kama unaingia masta ya saikolojia ukidhani kazi ni kukaa ofisini kusikiliza watu wakikusimulia ndoa zao, nikushtue mapema: kuna takwimu. Kuna t-testi, kuna anova, kuna rigresheni, halafu kuna SPSS, programu ya kuchakata data, inayokumwagia majedwali ukurasa mzima na hujui uanze kuangalia wapi.

Darasani kwetu wengi tumetokea HKL na HGL, hesabu tuliziaga fomu foo bila chozi, kwa hiyo lekchara akiandika tu ile sigma ubaoni watu wanainamia simu, mwingine ghafla anakumbuka ana dharura. Akiuliza kuna swali? kimyaaa. Akitoka mlangoni ndo grupu la WhatsApp linawaka, jamani p-valyu ndo nini, mwenye desa la mwaka jana atupie humu.

Hicho kimya ndo kinaniuma kuliko sigma. Kuna dodoso linaitwa STARS, lilitoka 1985, kazi ya Cruise na wenzake, linapima huu huu woga wa takwimu. Lina vipengele 51 kwenye mafungu sita, na fungu moja ni kuogopa kuomba msaada, lingine ni kumuogopa mwalimu wa takwimu. Yaani mafungu mawili mazima hayahusu namba, yanahusu watu! Na sisi ndo tunasomea watu, kesho tunamwambia mteja hapa usione aibu kuuliza chochote (na hayo mafungu yenyewe yalipatikana kwa takwimu, hatuna pa kukimbilia).

Gharama ya hicho kimya utaiona chapta foo ya tasnifu, ile ya matokeo. Mtu mzima na heshima zake anamtafuta kijana wa SPSS amchakatie data, analetewa majedwali yamenyooka, siku ya kudifendi anaulizwa una makundi matatu, mbona umetumia t-testi? anaitolea slaidi macho kana kwamba imeandikwa Kichina. Wakati jibu ni dogo tu, wastani wa makundi mawili t-testi, yakizidi hapo nenda anova.

Mimi kilichonisaidia ni kuweka programu pembeni kwanza. Nilichukua karatasi, nikaandika alama za wasiwasi za watu wachache, waliopata unasihi huku na wasiopata kule, wastani nikautafuta kwa kalkuleta ya simu. Pengo likatoka. Sasa p-valyu inachouliza ni hivi: kama kwa kweli hakuna tofauti yoyote, ni mara ngapi bahati tu ingekupa pengo kubwa kama hili au zaidi? Hata t-testi yenyewe, 1908 hiyo, ni ya Gosset, jamaa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, sampuli zake zilikuwa ndogo, akatafuta njia.

Ukishaelewa hapo ndo ufungue kompyuta, na leseni ya SPSS ikikushinda kuna JASP, programu ya kazi hiyo hiyo, ni ya bure. Rigresheni ya lojistiki bado inanipiga chenga, nimemwandikia lekchara, kasema nipite kesho saa nne na hayo majedwali yangu. Anayetaka twende wote anicheki.